Malazi ya usiku wakati wa maafa: funzo la Septemba 2016 kwa parokia zetu

Septemba huku kwetu huja na mambo mawili kwa pamoja: mvua za vuli huanza kugonga mabati, na kumbukumbu ya tetemeko hurejea. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ya Kagera ilipotikiswa na tetemeko lenye ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha mkoani mwetu na zaidi ya 400 walijeruhiwa. Takwimu za Serikali zilieleza kwamba nyumba 2,063 zilianguka, na nyingine zaidi ya 14,000 zilibaki zimesimama lakini katika hali ya hatari. Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka kumi.

Kuhusu tetemeko lenyewe mengi yamekwisha kusemwa. Katika makala haya tunapenda kutazama sehemu moja isiyozungumzwa sana, nayo ni usiku. Watu wale walilala wapi? Nani alikesha pamoja nao? Na iwapo mvua za mwaka huu zitabomoa nyumba za bondeni mjini Bukoba, au upepo utaezua mabati ya kijiji kizima kule Kimwani, kusini mwa Muleba, parokia zetu zitafungua mlango gani, na ufunguo utakuwa mikononi mwa nani? Maswali haya ni ya waamini wote, wala si ya paroko peke yake.

Usiku ule wa kwanza

Wengi wetu tunaukumbuka. Jua lilipozama, aliyeangukiwa na nyumba na yule ambaye nyumba yake ilipata nyufa tu walijikuta katika hali moja: wote hawakuthubutu kulala ndani. Ardhi iliendelea kutetemeka kidogo kidogo, na kila mtikisiko uliwarudisha watu mbio uani. Mahali pa kulala pakawa viwanja, kando ya barabara, na chini ya migomba. Mikeka ilitandikwa juu ya majani makavu, na maturubai na mashuka yakafungwa kwenye miti. Wazee, wagonjwa na akina mama wenye watoto wachanga waliwekwa katikati, wengine wakawazunguka.

Siku iliyofuata, Jumapili, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika Bukoba na kuungana na wananchi kuiaga miili ya marehemu katika uwanja wa Kaitaba. Misaada ilianza kuja: mahema, blanketi, vyakula na dawa. Lakini mahema hayakumtosha kila mhitaji, na mvua hazikusubiri. Bukoba ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Kwa hiyo zipo familia ambazo baada ya kunusurika na tetemeko zilipambana na baridi ya alfajiri, nguo zisizokauka, kikohozi cha watoto na mbu.

Lipo jambo katika tukio hilo ambalo twapaswa kulitafakari kwa makini. Mila yetu ya ukarimu ni ya kweli. Mgeni aingiapo katika nyumba ya Mhaya hupewa kahawa ya kutafuna, na nyumba ya jirani ikiungua, watoto wake hulala kwetu siku hiyo hiyo bila kikao wala barua. Ujirani huo hufanya kazi vizuri pale nyumba moja inapoanguka. Zinapoanguka elfu mbili kwa mara moja, mwenyeji naye yuko nje, na jirani wa kulia na wa kushoto nao wako nje. Hapo moyo mwema wa mtu mmoja mmoja hautoshi. Unahitajika utaratibu ulioandaliwa mapema, wenye upana kuliko kitongoji kimoja, ili walio mbali na maafa waweze kuwabeba walio ndani yake. Utaratibu wa namna hiyo Kanisa tayari linao: jumuiya ndogo ndogo, vigango, parokia na jimbo. Kinachokosekana ni kuuelekeza kwenye kazi hii.

Msaada wa mchana na msaada wa usiku

Mchana wa maafa una marafiki wengi. Viongozi hufika, magari hushusha magunia, picha hupigwa. Kufikia saa 12 jioni wengi huwa wamekwenda zao. Ndipo huanza saa 12 ambazo msaada wake hauwezi kupakiwa kwenye lori, kwa sababu msaada huo ni mtu aliye macho: wa kumwonesha mama njia ya chooni gizani, wa kumtuliza mtoto anayeota ardhi inatikisika, wa kumwita mhudumu wa afya pumzi ya mzee inapobadilika saa 8 usiku. Usiku pia ndipo wasichana na wanawake wanapokuwa katika hatari kubwa ya kudhalilishwa pale watu wengi wanapolazwa pamoja bila mlinzi wala taa.

Ndiyo maana tunasema wazi: jengo peke yake si malazi. Ukumbi uliofunguliwa na kuachwa bila watu wa kukesha unaweza kuwa mahali pa hatari kuliko uani chini ya migomba, ambako angalau familia ilikaa pamoja.

Historia ya karibuni ya nchi yetu inatupa mfano wa kulinganisha. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliiangukia Katesh na vijiji vya jirani mkoani Manyara, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Walionusurika walihifadhiwa katika majengo ya shule. Baadaye Serikali na wadau wake waliwajengea waathirika nyumba zaidi ya 100. Kwetu Kagera mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Januari 2017 Rais John Magufuli, alipofika Bukoba, alieleza kwamba Serikali isingemjengea kila mwananchi nyumba, na kwamba fedha zilizochangwa zingeelekezwa kwenye miundombinu ya umma. Shule ya Sekondari Ihungo, ambayo majengo yake yaliharibiwa vibaya, ilijengwa upya, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, kwa aliyekuwa bado analala chini ya turubai, maneno yale yalikuwa mazito kuyapokea.

Hatuyakumbushi haya ili kufukua malalamiko. Tunayakumbusha kwa sababu yana funzo. Uamuzi kuhusu nani atajengewa nyumba hufanywa mbali na sisi, huchukua miezi, na waweza kwenda upande wowote. Usiku wa kwanza, wa pili na wa kumi uko mikononi mwetu. Tulilithibitisha hilo pia tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 waliokolewa, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi wenye mitumbwi ya kawaida. Mwenye uwezo mkubwa huweza kuja baadaye. Aliye karibu ndiye anayewahi.

Imani yetu inasema nini

Kuwakaribisha wasio na mahali pa kulala ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili, na katika Injili ya Mathayo sura ya 25 Kristo analitaja miongoni mwa mambo tutakayoulizwa siku ya mwisho. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anamkemea anayemwona ndugu asiye na nguo wala chakula, akamtakia amani na joto, kisha asimpe kitu. Mtakatifu Luka anasimulia katika Matendo ya Mitume, sura ya 28, jinsi Paulo na wenzake walivyotoka majini baada ya meli kuvunjika, wakapokewa na wenyeji wa Malta. Luka hasahau hali ya hewa: kulikuwa na mvua na baridi, na wenyeji wakawasha moto wakawakaribisha wote. Watu wale hawakuwa Wakristo, na hawakuuliza wageni wao ni wa dini gani. Walitazama mvua, wakatafuta kuni.

Tukumbuke pia kwamba tetemeko letu lilitokea ndani ya Mwaka Mtakatifu wa Huruma ya Mungu, uliofunguliwa tarehe 8 Desemba 2015 na kufungwa tarehe 20 Novemba 2016. Na Kanisa Kuu la Bukoba limewekwa chini ya jina la Maria, Mama wa Huruma. Jimbo lenye jina hilo mlangoni mwa Kanisa Kuu lake linadaiwa zaidi.

Kanisa la Roma lilijifunza jambo hili kwa uchungu. Tarehe 31 Januari 1983, katikati ya majira ya baridi, bibi mmoja aitwaye Modesta Valenti, aliyekuwa akilala katika stesheni ya treni ya Termini, aliugua ghafla. Gari la wagonjwa lilikataa kumchukua kwa sababu alikuwa mchafu, na akafariki akisubiri. Jumuiya ya Mtakatifu Egidio humkumbuka kila mwaka kwa Ibada ya Misa, na kumbukumbu hiyo imezaa kazi. Baridi kali ilipoipiga Roma Januari 2017, mabweni ya maskini yaliyo chini ya Vatikano yaliachwa wazi usiku na mchana. Novemba 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alifungua malazi ya watu wasio na makazi katika jumba la Palazzo Migliori, hatua chache tu kutoka uwanja wa Mtakatifu Petro, na watu wa kujitolea wa Mtakatifu Egidio wakakabidhiwa kuwahudumia wanaolala humo. Huko adui ni baridi ya theluji, huku ni mvua na ardhi inayotikisika, lakini anayepigwa ni yule yule asiye na pa kulaza kichwa, na anayehitajika ni yule yule wa kukesha.

Hofu ambazo ni za haki

Tunapozungumzia jambo hili katika halmashauri za walei, hofu kadhaa hujitokeza. Si za kupuuzwa.

Ya kwanza ni heshima ya kanisa. Je, inafaa watu walale katika nyumba ya ibada? Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1210, inataka mahali patakatifu patumike kwa ibada, lakini inampa Askofu mamlaka ya kuruhusu matumizi mengine katika tukio maalumu, mradi yasipingane na utakatifu wa mahali hapo. Kwa hiyo kwanza tutumie ukumbi, madarasa ya katekesi au jengo la shule. Kanisa lenyewe liwe la mwisho, kwa ruhusa, na Ekaristi Takatifu ikiwa imehamishiwa mahali pa heshima.

Ya pili ni kwamba watu hawataondoka. Hofu hii ina msingi, kwani malazi yasiyo na tarehe ya mwisho hugeuka kambi. Dawa yake ni kutangaza muda tangu siku ya kwanza, kwa mfano usiku 10, na kukaa na kila familia kila asubuhi kuzungumza hatua inayofuata: ndugu gani anaweza kuwapokea, ukuta gani unaweza kurekebishwa, jumuiya gani itatoa nguvu kazi.

Ya tatu ni wizi na vurugu, na ya nne ni magonjwa. Mkoa wetu ulipitia mlipuko wa Marburg kuanzia Machi hadi Juni 2023, na tunajua kwamba yako majira ambayo kukusanya watu ni hatari. Hapo neno la mwisho ni la wataalamu wa afya. Katika hali ya kawaida maji tiririka na sabuni mlangoni, madirisha yaliyo wazi kiasi, na kona ya pekee kwa wanaokohoa hupunguza madhara kwa kiwango kikubwa. Vyandarua navyo visisahaulike, hasa Muleba, ambako malaria imetusumbua kwa miaka mingi.

Namna ya kujipanga

Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu vinapendekeza kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kulala zilizoezekwa. Ukumbi wa parokia wenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 una mita za mraba 200. Kwa hesabu hiyo unatosha watu 57, na tukiacha njia ya kupita, 50. Viwango hivyo vinataka choo kimoja kwa watu 20, au kimoja kwa watu 50 katika siku za mwanzo. Kila parokia na ipime ukumbi wake leo, iandike idadi hiyo na kuibandika ofisini. Parokia ikijua kwamba uwezo wake ni watu 50, haitawaahidi 200, na itajua mapema parokia ipi ya jirani iombwe kuwapokea waliosalia.

Jengo lenyewe likaguliwe na mtaalamu wa halmashauri kabla ya msimu wa mvua. Tetemeko lilitufundisha kwamba si kila ukuta mnene ni salama, na maafa hayafanani. Mafuriko ya Mto Kanoni yakija, watu wapandishwe juu kwenye majengo ya milimani, na bahati nzuri parokia zetu nyingi ziko mahali pa juu. Ardhi ikitikisika, kila mtu abaki mahali pa wazi, na kinachohitajika ni maturubai, nguzo na kamba zilizohifadhiwa nje ya jengo linaloweza kuanguka.

Kuhusu wakeshaji, usiku ugawanywe katika zamu tatu: saa 12 jioni hadi saa 4, saa 4 hadi saa 8, na saa 8 hadi saa 12 alfajiri. Kila zamu iwe na watu watatu, wanaume na wanawake. Hao ni watu tisa kwa usiku mmoja. Parokia yenye jumuiya 30 ikitoa jumuiya moja kila usiku, hakuna jumuiya itakayokesha zaidi ya mara moja kwa mwezi. Mzigo ambao paroko na katekista hawawezi kuubeba kwa siku tatu, jumuiya zinaubeba mwezi mzima bila kuchoka. Akina mama wa WAWATA wanaweza kuongoza upande wa wanawake na watoto, UWAKA ulinzi na matengenezo, na VIWAWA maji, taa na uandikishaji.

Kanuni chache zisivunjwe hata mara moja. Kila anayeingia aandikwe jina na mahali atokako, na nakala apewe mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Familia zisitenganishwe pasipo sababu. Wanawake walio peke yao wawe na sehemu yao. Njia ya chooni iwe na taa usiku kucha. Mkeshaji asibaki kamwe peke yake na mtoto asiye wake, na pombe isiingie. Mlango uwe wazi kwa Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu na asiye na dini, na asiwepo wa kulazimishwa kusali ili apate mkeka.

Kazi hii isifanywe pembeni ya Serikali. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi za chini kabisa. Parokia ipeleke jina la ukumbi wake na idadi ya watu unaoweza kuwapokea kwa kamati hiyo kabla ya dharura, ili siku ikifika asiwepo wa kuuliza ruhusa iko wapi.

Mwisho ni fedha. Baada ya tetemeko watu wengi waliuliza michango ilikwenda wapi, na swali la namna hiyo likikosa jibu la haraka huua moyo wa kutoa. Kila jioni ubandikwe mlangoni karatasi moja: kilichopokelewa, kilichotumika, kilichobaki. Hata ikiwa ni blanketi sita na debe moja la maharage, ziandikwe.

Tusingoje ardhi itukumbushe

Siku ya Maskini Duniani, iliyowekwa na Baba Mtakatifu Fransisko mwishoni mwa ule Mwaka wa Huruma, huadhimishwa Jumapili ya 33 ya Mwaka, katikati ya Novemba, wakati mvua zetu zikiwa zimepamba moto. Tunapendekeza kwamba mwaka huu, pamoja na Misa na matoleo ya siku hiyo, kila parokia ifanye zoezi la usiku mmoja. Ukumbi ufunguliwe saa 12 jioni, mikeka itandikwe, zamu tatu zikeshe kweli, na wanajumuiya wenyewe walale humo hadi alfajiri. Usiku huo utafichua mambo ambayo kikao hakiwezi kuyaona: taa isiyowaka, choo chenye kufuli lililopoteza ufunguo, paa linalovuja juu ya kona waliyotengewa wazee.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Miaka kumi iliyopita dhiki ilitukuta tukiwa na moyo lakini bila mpango, na waliolipa gharama yake walikuwa watoto na wazee waliolala juu ya ardhi yenye maji. Wengi wao wangali nasi. Tunaketi nao benchi moja kila Jumapili. Tukiwauliza walichokihitaji usiku ule, watatueleza. Tuwaulize sasa, kabla mvua hazijashika.

Maria, Mama wa Huruma, uwaombee waliotutoka tarehe 10 Septemba 2016, na utufundishe kukesha na wenzetu.